TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI: MGODI WA URANI WA MTO MKUJU NA MASHARTI YETU MATANO

*Haya ni maneno ya uongozi wa tawi yaliyosomwa kwenye mkutano wa wanachama. Tunayatuma yote kwa ajili ya waliokuwa mashambani au safarini. Mwenye jirani asiye na simu ya kusomea, tafadhali amsomee.*

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana wa tawi,



Tumewaita kwa jambo moja. Tangu tarehe 30 Julai 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuja wilayani kwetu Namtumbo kuzindua mtambo wa majaribio wa kuchenjua urani, hakuna kijiwe kisichozungumzia mgodi. Na ndani ya tawi letu tumegawanyika, tusifichane. Vijana wengi wanasema mgodi uje hata kesho, maana ufuta na tumbaku haviwatoshi. Wazee kadhaa na akina mama wanasema usije kabisa, maana wamesikia habari za mionzi na saratani. Wengine tayari wameanza kuitana wasaliti kwenye kundi hili la simu. Hilo likome.

Kamati ya tawi imekaa, imesoma, imeuliza, na leo tunawaletea pendekezo. Tawi letu lisiseme ndiyo kwa ushabiki, wala lisiseme hapana kwa hofu. Tupeleke masharti matano kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na ndiyo yetu itegemee majibu tutakayopewa kwa maandishi. Lakini kabla ya masharti, ni vizuri sote tuelewe tunachokizungumzia.

*TULIKOTOKA*

Mradi huu si wa jana. Mashapo yanayoitwa Nyota yalitafitiwa na kampuni ya Australia, Mantra Resources. Mwishoni mwa 2010 kampuni ya serikali ya Urusi, ARMZ, ilikubali kuinunua kwa dola za Australia bilioni 1.16. Machi 2011 tsunami ikapiga Japani, kinu cha nyuklia cha Fukushima kikaharibika, na bei ya urani ikaanza kuporomoka. Wanunuzi wakarudi mezani, bei ya kampuni ikashushwa hadi kama bilioni 1.02. Ajali ilitokea Japani, na thamani ya mchanga wa Namtumbo ikapungua kwa wiki chache. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Eneo lenyewe lilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, ambalo ni urithi wa dunia tangu 1982. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilikubali mpaka urekebishwe ili eneo la mgodi litoke nje ya urithi huo. Kilichotolewa ni chini ya asilimia 1 ya pori lote. Mwaka 2013 leseni kubwa ya uchimbaji ikatolewa. Watu wakanunua viwanja, wakajenga vyumba vya wageni, wakasubiri. Kufikia 2017 mradi ulikuwa umesogezwa mbele kwa sababu ya bei ya soko. Sasa umeamshwa tena chini ya shirika la Rosatom la Urusi. Mtambo uliozinduliwa ni wa majaribio, na mpango uliotangazwa ni mtambo mkubwa wa hadi tani 3,000 za urani kwa mwaka, kuanzia 2029.

*UPEMBUZI YAKINIFU NI KITU GANI*

Neno hili mtalisikia sana, kwa hiyo tulifafanue. Upembuzi yakinifu ni hesabu inayofanywa kabla ya kufungua mgodi, kujua kama mgodi unawezekana. Wataalamu wanachoronga mwamba na kupima. Kuna madini kiasi gani, na yako chini kiasi gani? Ni tani ngapi za kifusi zitaondolewa ili kuifikia mbale? Mbale hiyo ikichenjuliwa kwa tindikali, ni sehemu gani ya urani itatoka? Maji, umeme na tindikali vitatoka wapi, na barabara hadi bandarini itagharimu nini? Mwisho wanaweka bei ya urani wanayoitarajia, wanatoa gharama zote, wanaona kinachobaki.

Hesabu hiyo ni halali na ni ya lazima. Ila tujue inajibu swali la nani. Inajibu swali la mwenye mtaji: nikiweka fedha zangu hapa, zitarudi na faida? Swali letu ni jingine. Sisi tutakaobaki hapa mgodi ukishafungwa, tutabaki na nini? Swali hilo linatakiwa kujibiwa na Tathmini ya Athari kwa Mazingira na Jamii, na sheria inatupa haki ya kushirikishwa humo. Haki hiyo tuitumie kwa kuuliza. Tukienda kusaini karatasi ya mahudhurio na kunywa soda tu, tutakuwa tumeitupa.

*KWANZA, BEI*

Vijana wetu, sikilizeni hapa hasa. Mwaka 2007 ratili moja ya urani kwenye soko la dunia ilifika karibu dola 136. Kabla ya Fukushima ilikuwa kama dola 70. Mwishoni mwa 2016 ilishuka chini ya dola 20. Januari 2024 ikapanda tena kupita dola 100. Hakuna zao letu, hata ufuta, linalopanda na kushuka namna hiyo.

Mbale ya Mkuju si tajiri. Katika tani moja ya mwamba kuna urani chini ya nusu kilo. Mgodi wa namna hiyo unapata faida bei ikiwa juu, na bei ikishuka ndio wa kwanza kusimama, kwa sababu Kazakhstan, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, anatoa urani yake kwa gharama ndogo. Yeye hachimbi shimo. Anapitisha kimiminika kwenye visima na kuyeyusha madini chini kwa chini.

Mfano tunao ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Kule Karonga, kaskazini mwa Malawi, mgodi wa wazi wa urani wa Kayelekera ulifunguliwa 2009. Ulikuwa mradi mkubwa, na matumaini yalikuwa makubwa. Mwaka 2014, miaka mitano tu baadaye, ulisimamishwa kwa sababu ya bei. Wafanyakazi wakapunguzwa, na waliokuwa wakiuza chakula na kupangisha vyumba wakakosa wateja. Mashimo na bwawa la topesumu vilibaki pale pale, vikihitaji kutunzwa kila masika. Mgodi ukauzwa kwa kampuni nyingine, na uzalishaji haukurudi hadi 2025. Zaidi ya miaka kumi! Kijana aliyeajiriwa pale akiwa na miaka 25, alipita 35 akisubiri.

Kwa hiyo anayewaambia mgodi huu ni ajira ya uhakika ya miaka ishirini, mwulizeni: kwa bei gani? Na bei ikishuka, sisi tunajulishwa lini na tunalindwa vipi?

*PILI, TOPESUMU NA MAJI*

Hesabu yake ni rahisi. Kama tani moja ina urani chini ya nusu kilo, basi ili kupata tani 3,000 kwa mwaka kwa njia ya shimo la wazi, lazima zisagwe na kuchenjuliwa zaidi ya tani milioni 6 za mbale kila mwaka. Bado kifusi hatujakihesabu. Unga wa njano unaosafirishwa ni tani 3,000 na ushee. Mamilioni mengine yote yanabaki Namtumbo, yakiwa tope lenye tindikali kwenye bwawa.

Tope hilo halifanani na tope la kawaida. Urani ikishatolewa, kama asilimia 85 ya mionzi iliyokuwemo kwenye mbale hubaki kwenye tope, kwa sababu dada zake urani, yaani toriamu na radiamu, hawatolewi. Nguvu ya radiamu inapungua kwa nusu kila baada ya miaka 1,600. Ya toriamu hiyo, kila baada ya miaka 75,000 hivi. Kutoka kwenye tope hutoka hewa ya radoni, isiyoonekana wala kunusika, ambayo mtu akiivuta kwa muda mrefu inaongeza hatari ya saratani ya mapafu.

Hatusemi haya kuwatisha. Urani iliyolala ardhini haijatuua, na kupita karibu na mbale hakumfanyi mtu augue kesho yake. Migodi ya wazi ya urani imefanya kazi miaka mingi, kama Rössing nchini Namibia tangu 1976. Viwango vinajulikana: mfanyakazi asizidi wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na mwananchi wa kawaida asiongezewe zaidi ya milisiveti 1. Hatari inaweza kusimamiwa, lakini pale tu panapokuwa na anayepima, anayetangaza na anayewajibishwa.

Pasipokuwa naye, yapo yaliyotokea. Tarehe 16 Julai 1979, kule Church Rock, jimbo la New Mexico nchini Marekani, ukingo wa bwawa la topesumu la urani ulipasuka. Lita zaidi ya milioni 350 za maji ya tindikali yenye mionzi ziliingia Mto Puerco, ambako Wanavajo walikuwa wakinywesha mifugo yao. Hiyo ni Marekani, yenye wakaguzi na maabara za kila aina.

Mto Mkuju ni sehemu ya bonde la Rufiji. Maji yake yanaelekea Luwegu, na Luwegu ikikutana na Kilombero ndipo Rufiji inapoanza, mto unaojaza bwawa la Julius Nyerere na kumwagilia mashamba hadi pwani. Kwa hiyo jambo hili si la Namtumbo peke yetu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Halafu kuna jambo dogo ambalo tunaliona kubwa kuliko yote. Visima vyetu vina urani kiasi gani leo, kabla ya shimo kuchimbwa? Katika ardhi yenye mashapo, maji huweza kuwa na urani kidogo ya asili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi mikrogramu 30 kwa lita, maana ikizidi hudhuru figo. Kama hatuna kipimo cha leo, kisima kikichafuka mwaka 2035 kampuni itasema kilikuwa hivyo tangu zamani. Sisi tutasema hapana. Na mahakamani tutakuwa na maneno matupu. Kipimo cha kabla ya mgodi ndiyo hati yetu. Hakiwezi kupatikana baadaye kwa fedha yoyote.

*TATU, FEDHA*

Tuchukue mfano tu. Tuseme urani imeuzwa kwa shilingi bilioni 100. Mrabaha wa urani ni asilimia 5, yaani bilioni 5, unakwenda serikali kuu. Ada ya ukaguzi ni asilimia 1, bilioni 1, nayo inakwenda huko huko. Serikali pia, kwa marekebisho ya sheria ya 2017, ina hisa zisizolipiwa zisizopungua asilimia 16. Ushuru wa huduma ni sehemu ndogo sana ya mauzo, huo ndio wa halmashauri ya wilaya. Vijiji vya jirani na mgodi vinapata nini katika ushuru huo? Sheria haivitengei fungu. Inategemea madiwani watapanga nini kwenye bajeti.

Kuna mlango mwingine. Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa kurudisha kwa jamii, unaokubaliwa pamoja na halmashauri. Mpango huo ukipangwa ofisini bila sisi, tutajengewa geti lenye nembo ya kampuni wakati zahanati haina maji.

Na fedha ya mwisho ni ya kufunga mgodi. Mgodi wa Ranger huko Australia uliacha kuchenjua urani Januari 2021. Gharama ya kurudisha ardhi ilivyokuwa imekadiriwa ilipitwa mbali. Mwaka 2022 kampuni ilisema itafika kati ya dola za Australia bilioni 1.6 na 2.2. Ranger ilikuwa na mbia tajiri wa kuibeba. Kampuni ndogo ikifilisika, nani anabeba? Ndiyo maana sheria yetu inataka dhamana ya fedha ya ukarabati wa mazingira iwekwe mapema. Tunataka kujua kiasi chake kabla mgodi haujaanza.

*ARDHI NA MIKOPO*

Tunasikia madalali wanazunguka. Ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mgeni kwa karatasi iliyoandikwa kilabuni. Inapita Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ndugu zetu, usiuze ekari za ufuta za watoto wako kwa sababu umesikia mwaka 2029. Usichukue mkopo wa kujenga vyumba kumi vya wageni kwa kutegemea mtambo ambao haujajengwa. Waliofanya hivyo baada ya 2013 wapo kati yetu, waulizeni kwa upole.

*MASHARTI YETU MATANO*

Kamati inapendekeza wanachama wetu wayasimamie haya kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na diwani ayapeleke halmashauri:

1. *Vipimo kabla ya shimo.* Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ipime visima, mito, udongo na vumbi katika vijiji vyote vya jirani kabla uchimbaji mkubwa haujaanza. Matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, na nakala ibaki kijijini.

2. *Njia ya uchimbaji itajwe.* Je, ni shimo la wazi, ni visima vya kuyeyushia chini kwa chini, au vyote viwili? Shimo linatuletea tope na vumbi, visima vinagusa maji ya ardhini moja kwa moja. Tathmini ya njia moja isitumike kuhalalisha nyingine.

3. *Bwawa la topesumu lielezwe.* Litakuwa wapi, limetandikwa nini chini, linahimili mvua ya namna gani, na likivuja nani anampigia nani simu ndani ya saa moja.

4. *Dhamana ya kufunga mgodi iwekwe mapema na kiasi chake kitangazwe.* Mpango wa ufungaji uonyeshe pia itakuwaje mgodi ukisimama ghafla kwa sababu ya bei, kama Kayelekera.

5. *Fungu la vijiji na ajira ziandikwe.* Halmashauri itenge sehemu maalumu ya ushuru wa huduma kwa vijiji vya jirani. Mafunzo ya ufundi kwa vijana wetu yaanze sasa, ili siku ya kuajiri tusiambiwe hamna vyeti. Kila mfanyakazi apewe kipimo cha mionzi na haki ya kuona rekodi yake.

*KWA WANAOTUPINGA PANDE ZOTE MBILI*

Wanaosema tunachelewesha maendeleo tunawajibu hivi: mradi huu ulichelewa miaka mingi na hatukuwa sisi tuliouchelewesha, ilikuwa bei. Miezi michache ya kupima visima haitauua. Na mwekezaji mwenye hesabu nzuri haogopi kuulizwa.

Wanaosema tumekubali kununuliwa, tunawajibu pia. Umaskini nao unaua. Mama anayejifungulia njiani kwa kukosa gari la wagonjwa hafi kwa mionzi, lakini amekufa. Kama urani hii inaweza kulipia barabara, zahanati na shule bila kutuachia maji mabaya, hatuna sababu ya kuikataa. Tunataka tuonyeshwe kwamba inaweza.

Ndugu wanachama, mpango tunaousikia unahesabu miaka ya mgodi. Tope litakaa hapa baada ya wajukuu wa wajukuu wetu kuzikwa. Mgodi unaowezekana, kwa hesabu ya tawi hili, ni ule ambao siku ya kuufunga tayari inajulikana nani analipa. Huo tutaupokea. Usiojua hilo, haujakamilisha upembuzi wake, hata kama kitabu chake kina kurasa elfu moja.

*YANAYOFUATA*

Kila mwanachama aje kwenye mkutano mkuu wa kijiji, akina mama msiache nafasi zenu kwa wanaume. Atakayesimama kuuliza aulize sharti moja, kwa heshima, na aombe jibu liandikwe kwenye muhtasari. Asiyekubaliana na pendekezo hili amwone katibu wa tawi kabla ya siku hiyo, hoja yake itasomwa mbele ya wote. Matusi kwenye kundi hili hayatavumiliwa, yatoke upande wowote.

Mungu ibariki Namtumbo, Mungu ibariki Tanzania.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi.*